Ng'ombe Wasiotajwa Msibani

Siku tuliyomzika mume wangu, kabla jeneza halijatolewa nje, msemaji wa familia alisimama mbele ya watu akauliza kama desturi yetu ilivyo: "Anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze sasa. Asisubiri tukishafukia."

Mwenye duka la dawa za mpunga alijitokeza akasema anadai kidogo, na kwamba amesamehe. Mwanamume mwingine alikuwa ameazima bomba letu la kupulizia dawa. Alikuja nalo mkononi, akaliweka chini karibu na jeneza, na watu wakacheka kidogo, kwa sababu marehemu alikuwa amelilalamikia bomba lile mwaka mzima. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa namtazama jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji.

Alikuwa amesimama nyuma na wenzake, kofia mkononi, ameegemea fimbo yake. Msemaji aliuliza mara ya pili. Jirani akatazama chini. Msemaji akauliza mara ya tatu. Jirani alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hakusema neno. Jeneza likatolewa.

Siku tatu kabla ya kufa, katika hospitali kule Mbeya mjini, mume wangu alikuwa ameniambia hivi: "Wale mitamba wawili wako kwa jirani. Usimwambie kaka." Kisha akaomba maji. Hakurudia tena habari hiyo. Hakukuwa na karatasi, wala shahidi. Mitamba wenyewe nilikuwa nimewaona mara moja tu, siku waliponunuliwa mnadani, mmoja mwekundu mwenye tumbo jeupe na mwingine mweusi. Miaka minne ilikuwa imepita tangu siku hiyo.

Naomba msomaji aelewe kwa nini nilihitaji ng'ombe hao. Hapa Ubaruku hatukuwa na shamba letu. Kila mwaka tulikodi ekari mbili za majaruba ya mpunga, na unakodi kabla maji ya mfereji hayajafunguliwa, si baada. Mavuno ya mwaka ule, ukiacha kidogo cha kula, yote yalikwisha hospitalini. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, ana banda la kuziba pancha na kuuza matairi ya mtumba kule Ipogolo, kando ya barabara kuu. Baada ya mazishi alinikalisha akasema, "Shemeji, kama hutapata shamba msimu huu, utakuja Ipogolo na watoto. Nyumba hii tutapangisha." Alisema kwa wema. Lakini nilikijua chumba alichokuwa anakifikiria, kile cha nyuma ya banda, chenye harufu ya mpira. Kaburi la mume wangu liko hapa, na tofali za nyumba hii nilizibeba mimi kichwani. Sikutaka kwenda kuzeeka nikiomba chumvi kwa mke wa mtu mwingine.

Kwa hiyo mitamba wawili walikuwa ndio shamba langu. Na mtu aliyekuwa nao alikuwa amenyamaza mbele ya jeneza.

Usiku ule nilimwambia shemeji. Nilivunja neno la marehemu siku ileile ya kumzika, nalisema lilivyo. Shemeji aliumia kwamba alifichwa. Halafu akasema, "Basi hao wameshaliwa."

*

Wenyeji wa Usangu hutuita wote wakuja, sisi na majirani wa ng'ambo ya mfereji. Sisi ni Wasafwa, tumeteremka kutoka milimani juu ya Mbeya, ambako shamba la babu likigawanywa kwa wajukuu kila mmoja anabaki na mstari wa viazi usiotosha kugeuzia jembe. Tulikuja kufuata mpunga. Wao ni Wasukuma, walitoka kaskazini nyuma ya ng'ombe wao, wakakaa hapa na pale, baadhi yao wakakaa Chunya upande wa Makongolosi, halafu wakafika huku kwenye nyasi na maji. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka ishirini. Kwa miaka yote hiyo kila upande umekuwa ukiusema mwingine kuwa ndio wenye mali.

Mahali pa kusikia maneno hayo ilikuwa mashineni, pale tunapokoboa mpunga. Mwenye mashine ni mtu wa kwetu, mzee wa kanisa, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa maneno. Nakumbuka siku moja, wiki chache baada ya mazishi, alikuwa ameketi juu ya magunia huku jirani yangu akipita barabarani na baiskeli.

"Mnamwona yule?" mzee alisema. "Kavaa makubazi ya tairi. Lakini akiamua leo, ananunua mashine hii na mimi mwenyewe ndani yake."

Msukuma mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake akamjibu, "Nani akununue wewe, mzee? Ataweza kukulisha?"

Watu wakacheka.

"Mimi nasema kweli! Nyie mna benki inayotembea kwa miguu minne."

"Na wewe una nyumba ya vioo, makochi, na televisheni ukutani kama dirisha la pili. Mimi nalala kwenye nyasi. Halafu tajiri ni mimi?"

"Nyasi za nje hizo," mzee akasema. "Ndani ya nyasi kuna nini?"

Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani na pumba zangu niliendelea kujiuliza swali lile. Ndani ya nyasi kuna nini? Ndani kulikuwa na mitamba wangu.

Nilianza kutazama. Zamani nilikuwa napita kwao bila kuona kitu, lakini sasa niliona kila kitu, na kila kitu kilikuwa ushahidi. Sisi tukivuna tunanunua mabati, saruji, kochi, sola. Mwezi wa saba nyumba zetu zinang'aa. Mwezi wa kwanza tunasimama dukani na mfuko mdogo kununua kwa kilo mchele uleule tuliouza kwa magunia. Wao hawakuwa na kitu cha kung'aa, ila vihenge vyao vilikuwa na mahindi hadi mvua za mwisho, na sijawahi kumwona mke wa jirani akikopa unga. Watoto wetu wamevaa sare na viatu. Wao, msichana akifika darasa la sita au la saba mara nyingi humwoni tena shuleni. Watoto wetu wana viatu na wakati mwingine hawana mboga. Watoto wao wana maziwa.

Nani ana hali nzuri kuliko mwenzake? Nilikuwa naliuliza swali hilo kama hakimu ambaye ameshaandika hukumu. Nilikumbuka mwaka ambao mke wa jirani alipata shida ya uzazi, ikatakiwa apelekwe Mbeya. Mume alikaa tangu asubuhi hadi jioni akizungukazunguka zizini, akichagua ng'ombe wa kuuza, na hakuchagua. Mwishowe tulichanga sisi wa milimani kupitia kanisani, na mama akapelekwa, akapona, mtoto hakupona. Tulimsema sana. Mimi mwenyewe nilisema kisimani, kwa sauti, kwamba mtu yule anapenda mikia kuliko mke. Sasa nilijiambia kwamba mtu anayeshindwa kuuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya mkewe, hawezi kurudisha wawili kwa mjane wa mwenzake.

*

Nilikwenda kwao mara ya kwanza kwa adabu. Mke wake alinipokea kwa kupiga goti kama kawaida yao, akanipa kigoda, akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani.

"Pole na upweke, mama," alisema.

"Tumeshapoa. Mama mwenzangu, nimekuja na neno."

"Sema."

"Marehemu aliniambia kuna mali yetu kwenye zizi hili."

Hakushtuka, na hilo lilinitia mashaka zaidi kuliko kama angeshtuka. Alichukua ufagio, akafagia mahali ambapo palikuwa safi.

"Habari za ng'ombe ni za wanaume," alisema. "Mimi sizijui."

"Hata kujua kama wapo?"

"Kunywa maziwa, mama. Yatapoteza ubaridi."

Nilikunywa. Njiani kurudi nikajiuliza maziwa yale yalikuwa ya ng'ombe gani. Alinipa na kibuyu kingine nipelekee watoto, na watoto wakafurahi, na mimi nikawatazama wakinywa nikafikiri, wananilipa kidogokidogo kwa mali yangu mwenyewe. Tangu siku ile kila baada ya siku mbili alituma kibuyu. Sikuwahi kukirudisha kikiwa kimejaa, kwa hiyo nisijifanye kwamba nilikataa.

Shemeji alikuja kutoka Ipogolo kumaliza msiba. Tulinyolewa nywele, tukala, watu wa kanisani wakaimba. Asubuhi yake alipanda bodaboda kurudi kwenye basi. Njia ya kwenda barabara kuu inapita mbele kabisa ya nyumba za jirani, na jirani alikuwa amekaa nje, amevaa koti lake la suti. Niliona hilo kwa sababu nilikuwa natembea nyuma kusindikiza. Alipoona bodaboda alisimama. Shemeji alimpungia mkono bila kuteremka, akapita.

Kabla ya kupanda alikuwa ameniambia, "Shemeji, maji yanafunguliwa baada ya mwezi. Yule jirani ukimwuliza atakataa. Kwanza ujue ana wangapi. Nenda kahesabu. Ukiwa na hesabu unaweza kwenda hata kwa mtendaji."

Nilimwona jirani akikaa tena taratibu, akavua lile koti akaliweka mapajani. Niliona lakini sikuelewa.

*

Nilikwenda jioni, ng'ombe wanaporudi, nikiwa na kibuyu kitupu kama sababu. Nilisimama karibu na lango la zizi. Nilikuwa nimefunga punje za mahindi kwenye pindo la khanga, na kila ng'ombe kumi wakiingia nilihamisha punje moja kwenda kwenye kiganja. Vumbi lilikuwa jingi. Nilitafuta mwekundu mwenye tumbo jeupe, nikaona saba. Nilitafuta mweusi, wakawa weusi tupu. Mtu wa viazi hawezi kumtambua ng'ombe aliyemwona siku moja. Nilifika sitini na watatu.

Nilipogeuka, jirani alikuwa nyuma yangu.

"Mama," alisema. "Unahesabu?"

"Naangalia tu, baba."

"Kuangalia hakutaki vidole."

Nikafunga kiganja. Punje moja ikaanguka, na sote tukaitazama.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Wale wa serikali waliokuja kuhesabu mwaka ule nao walisema wanaangalia tu. Baada ya mwezi tukaambiwa tuondoke, ng'ombe wamezidi. Sasa wewe, jirani yangu, umesimama langoni mwangu unahesabu mali ya watu." Hakupandisha sauti. "Hata mke wangu hajui idadi yao. Mimi mwenyewe siitamki. Nani kakutuma, mama?"

Hapo ndipo ningesema. Ningemwambia, natafuta wawili wa mume wangu. Lakini nilikuwa nimemwona akinyamaza mbele ya jeneza, na nilitaka yeye aanze. Nikasema, "Nimeleta kibuyu." Nikakiweka chini, nikaondoka.

Siku ya nne kulipopambazuka nilisikia kengele za ng'ombe zikienda mbali, hazikuwa zikienda malishoni. Nilitoka na khanga begani nikakuta njia nzima imejaa kwato na samadi mbichi, zinaelekea upande wa magharibi. Mama mmoja wa kwetu aliyekuwa anachota maji aliniambia, "Jirani yako kahama na ng'ombe wote. Wanasema anapeleka Chunya, mbele ya Makongolosi huko."

Sikumbuki nilivyovuka mfereji. Nakumbuka miguu ilikuwa na tope nilipofika, na kwamba sikubisha hodi. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Siku ya mazishi wanawake walinong'ona kwamba simlilii mume wangu. Lakini asubuhi ile nilipiga kelele uani kwa watu hadi kuku wakakimbia.

"Mmehamisha ng'ombe wa yatima! Mlimsubiri afe! Mlimwona analazwa mkafurahi! Maziwa mlikuwa mnanitumia ili ninyamaze?"

Mke wa jirani alitoka ndani. Alikuwa anakamua, mikono ilikuwa na mafuta. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Sijamaliza!"

"Basi malizia huku."

Akanitangulia zizini. Zizi lile kubwa lilikuwa tupu, samadi inatoa mvuke, na pembeni walikuwa wamefungwa ng'ombe wawili na ndama. Niliwatazama. Mmoja alikuwa mwekundu, amekonda mgongo, na mwingine mweusi. Nilidhani ni wabovu walioshindwa safari.

"Kwa hiyo hawa mmewaacha wafe?" nikasema.

"Hawa ni wako," alisema.

Nikamtazama mwekundu tena, nikaona tumbo jeupe.

"Mtu hahamishi ng'ombe aliyepewa kutunza bila mwenyewe kuruhusu," aliendelea, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Wa mzee wa mashine wamekwenda, alipigiwa simu jana akaruhusu. Wa mwalimu wamekwenda, aliruhusu. Wa dereva wamekwenda. Wako aruhusu nani? Mwenye kuruhusu yuko kaburini. Mume wangu alisema, waache hapa, hata wakija kuwachukua hao waliomtuma yule mama, wawakute hapa."

"Mzee wa mashine?" nilisema. "Mzee wa mashine ana ng'ombe hapa?"

"Kumi na wanane."

Yule mzee wa kanisa, wa benki ya miguu minne. Alikuwa na kumi na wanane kwenye zizi lile, na kila siku alikaa juu ya magunia akituambia jinsi Wasukuma walivyo matajiri. Baadaye nilimwelewa. Mtu wa kwetu akiwa na ng'ombe nyumbani, kila ndugu kutoka milimani anakuja na shida ya ada, msiba au mahari. Ng'ombe akiwa kwa Msukuma, ndugu wanaona kochi tu. Mume wangu alifanya hivyohivyo. "Usimwambie kaka."

"Na wenu?" niliuliza. "Katika wale wote, wenu ni wangapi?"

Alitazama lango, kama mtu anayeogopa kusikika. Nadhani lilikuwa jambo zito kuliko yote aliyonitendea, kunijibu.

"Tisa," alisema. "Na katika hao kuna maksai wa kukokota plau."

Tisa. Nikaiona tena siku ile akizungukazunguka zizini tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa anatembea katikati ya ng'ombe wa watu, akitafuta mmoja aliye wake ambaye akiuzwa plau haitasimama. Na sisi tulikuwa tumekaa ng'ambo ya mfereji tukihesabu mikia.

Nilikaa juu ya gogo. Yeye alikaa kando yangu, akafuta mikono kwenye sketi.

"Kwa nini hakusema msibani?" nikamwuliza. "Aliulizwa mara tatu."

"Aliulizwa kuhusu deni. Hilo si deni. Ng'ombe wako akiwa kwangu ni wako. Angesemaje anadaiwa?" Kisha akasema, "Na aseme mbele ya watu wote wale? Kesho kila mtu ajue nani ana nini kwenye zizi letu? Kwetu sisi, ndugu wa marehemu huja, anakaa, anakunywa maziwa, anaonyeshwa kimyakimya. Mume wangu alimsubiri shemeji yako. Siku ile alivaa koti."

*

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Jirani alirudi baada ya majuma mawili na ushee. Njiani ng'ombe wachache walikufa kwa kiu na wengine walibaki huko. Nilikwenda kumwomba radhi, nikampigia goti kama wanavyofanya wanawake wao, ingawa sikujua kulipiga sawasawa.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini chukua ng'ombe wako, mama."

"Baba, mimi nitawaweka wapi? Uani kwangu hapatoshi kugeuza hata mbuzi. Endelea kunitunzia."

"Nilitunza kwa sababu hakuna aliyejua. Sasa mji mzima unajua kwamba ulihesabu. Wenye ng'ombe wao wananiuliza, ulimwambia nini yule mama? Mzee wa mashine anasema waliokufa njiani nimewala." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mwaka huu anasema ni wa kwake. Mwaka jana alikuwa anasema ni wangu."

Mzee wa mashine ni kweli alikuwa anasema hivyo. Nilimsikia mwenyewe, nikamwambia mbele ya watu kwamba ng'ombe wake waliondolewa kwa ruhusa yake na kwa makosa yangu. Tangu siku hiyo mpunga wangu hukobolewa mwisho.

Maji yalikuwa yamebakiza siku chache kufunguliwa. Hapakuwa na njia nyingine ila kuwauza. Ili uuze ng'ombe mnadani lazima mtu athibitishe ni wa nani, na chapa ya mwilini ilikuwa ya jirani, kwa hiyo alikwenda nami. Tulitembea, yeye mbele, ng'ombe katikati, mimi nyuma. Kwa karani wa mnada alisema, "Ni wa mama huyu, mimi nilikuwa mtunzaji," akaweka dole gumba.

Mnunuzi alikuwa mtu wa kuchekacheka aliyezoea kazi yake. Alimfungua mwekundu mdomo, akamtazama meno, halafu akapitisha kidole kwenye pembe, kwenye yale mapete yanayojitokeza ng'ombe anapozaa.

"Bibi harusi huyu kazaa mara tatu," alisema. "Mnaniambia bado mbichi?"

Mara tatu. Na mweusi, aliposhika pembe zake, alisema mara moja. Mimi nilikuwa na ndama mmoja.

Nilimtazama jirani. Alikuwa ameshasikia, na alikuwa ananitazama, akisubiri, kama mtu anayesubiri kofi. Nilijua nilichomfanyia. Nilijua ng'ombe wangu walivyobaki peke yao kwenye zizi tupu kwa ajili ya uaminifu wake. Hata hivyo mdomo wangu ulifunguka.

"Wengine wako wapi?"

"Wawili walikufa na ugonjwa, wadogo," alisema. "Mmoja ni wangu. Ndivyo tulivyokubaliana na marehemu, katika kila wanne, mmoja wa mtunzaji."

"Sawa," nikasema.

"Marehemu alijua."

"Sawa, baba."

Niliuza wote watatu. Siku ya pili nilikodi ekari mbili, zilezile tulizokuwa tunakodi, na maji yalipofunguliwa, pawatila, ile mashine ndogo ya kulimia, ilikuwa imeshapita. Shemeji nilimpigia simu nikamwambia siji Ipogolo. Alifurahi, na nadhani alipumua pia.

Nimebaki Ubaruku. Mpunga umeshika, nimepalilia mara moja. Kibuyu hakiji tena, na sijawahi kuuliza. Watu wa kwetu wakisema Wasukuma wana mali, nawaambia ninachokijua, kwamba baadhi ya hiyo mali ni yetu sisi, tumeificha kwao. Wengi hawapendi kusikia. Nyumba zetu zina bati na njaa ya mwezi wa kwanza, zao zina nyasi na ng'ombe wa watu wengine. Zaidi ya hapo sijui nani amemzidi mwenzake, na sidhani kama nitajua.

Kuhusu wale ndama wawili waliokufa, namwamini jirani. Nasali nimwamini. Lakini jioni ng'ombe wake wachache wanapovuka mfereji mbele ya jaruba langu, nainuka na tope mikononi, na kabla sijajizuia macho yangu yameshapita katikati yao, yanatafuta ng'ombe mdogo mwekundu mwenye tumbo jeupe kama mama yake. Jana nilimwona mmoja. Alikuwa na umri ambao mmoja wa wale ndama angekuwa nao leo. Niliinama nikaendelea kung'oa magugu, na jirani alipita akanisalimu, nami nikamwitikia.